Mayai Ishirini na Sita, Soketi kwa Soketi

Wiki sita tangu turudi, na bado siwezi kuvuka mtaa bila kusimamishwa. Ni kweli Baba Neema alipigwa shoti? Ni kweli mlilala kwenye gari siku zote hizo? Mayai yaliishia wapi? Nimejibu vipande vipande, huyu nikimwambia mwisho kabla ya mwanzo, yule nikimwambia katikati tu, mpaka sasa kuna watu hapa Singida wanaoamini tulikwenda Arusha kufungua zahanati. Leo nimefunika cherehani, nimekaa dukani, nimeandika yote. Someni, halafu mpeane.

Kutoka Singida hadi Babati

Habari ya kuku wangu mnaijua. Walikuwa kuku wa marehemu mama, wale kishingo, shingo tupu mpaka kifuani kama mtu aliyevua skafu. Mama aliolewa huku akitokea mlimani, juu ya Ngaramtoni, na mimi nimekua nikijua kwamba alishuka na kuku wawili kwenye tenga, na kwamba hawa wote walikuwa uzao wao. Mama alipofariki wakabaki mikononi mwangu. Mwaka huu nilipitiwa na chanjo. Si kwamba sikujua. Nilikuwa na sare za shule za kushona, nikasema wiki ijayo, ilipofika nikasema tena wiki ijayo. Mdondo ukaingia. Ndani ya siku nne banda lilikuwa kimya, na ule ukimya nilikuwa nausikia hata nikiwa nimelala.

Kilichobaki ni mayai ishirini na sita niliyokusanya kabla ya ugonjwa na kuyaweka huku dukani kwenye mashine ya kutotolesha. Bwana mifugo aliniambia waziwazi nisithubutu kuleta kifaranga kwenye uwanja ule kwa miezi kadhaa. Wangekufa wote.

Baba Neema ndiye aliyesema, "Tuyapeleke kwa Mama Mdogo." Mama Mdogo Naserian ni mdogo wake mama, ndiye pekee aliyebaki wa tumbo lao, na anaishi kulekule mlimani. Sikubisha hata kidogo. Niliona kama nayarudisha nyumbani.

Lile basi dogo la Baba Neema nalo mnalijua, alilolihangaikia tangu astaafu kuendesha malori. Aliondoa viti, akaweka vitanda viwili, jiko la gesi, friji ndogo, na mapazia niliyoshona mimi. Ubavuni akatoboa tundu la kupitishia waya. Ukiegesha kwa mtu unaomba soketi moja, unachomeka, na gari linakuwa nyumba. Likiwa barabarani mashine ya mayai inatumia betri ya gari. Likisimama, lazima upate soketi, la sivyo betri inakauka.

Mashine aliifunga kwa mbao juu ya godoro ili mayai yasitikiswe. Aliifunga vizuri mno. Alipomaliza nikamuuliza, "Itatokaje humo?" Akapima mlango kwa viganja, akapima mashine, akarudi kuupima mlango. Haikuwa na pa kupita bila kuvunja kazi yote. Kwa hiyo msishangae mbele ya safari mkijiuliza kwa nini hatukuiingiza tu ndani kwa watu. Umeme ndio ulipaswa kuyafuata mayai.

Tuliondoka siku ya kumi na sita, na yai la kuku linataka siku ishirini na moja. Tulikwenda mwendo wa harusi. Mimi nilikaa nyuma na mkono juu ya kifuniko, na muungurumo wa mashine ulikuwa mdogo, wa namna moja, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Mawe makubwa ya Singida yalipita dirishani, kisha alizeti, kisha tena alizeti, na sikujua wakati gani nililala na wakati gani nilikuwa macho.

Babati tuliegesha uani mwa nyumba ya wageni. Dada wa mapokezi alitupa soketi ya chumba cha mlinzi, akatuletea samaki wa ziwani na ugali, akasimama mbali kidogo na gari akinyoosha shingo. Mapazia yalikuwa yamefungwa na ndani mashine inaunguruma.

"Mama, mgonjwa wenu anaendeleaje?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nimechoka, nikajibu nilichokuwa nakiwaza. "Bado siku tano."

Akashika kifua. "Mungu amtangulie."

Nilipotambua alichoelewa, alikuwa ameshaondoka. Asubuhi alitufungia chapati bure na hakutaka hata kutuangalia usoni.

Njiro

Tuliingia Arusha kwa upande wa Kisongo. Nilitafuta mlima nikaona wingu tu, limekaa palepale mlima unapopaswa kuwa. Kisha, pasipo upepo niliousikia, kipande cha wingu kikasogea, na juu kabisa, mahali ambapo sikuwa nimefikiria hata kutazama, kukawa na jabali la bluu. Nikamwita Baba Neema aangalie. Yeye alikuwa akiangalia taa nyekundu ya betri iliyowaka mbele yake.

"Dinamo," akasema. "Haichaji."

Njiro anaishi Upendo, binti wa mdogo wake Baba Neema, kwenye nyumba yenye ukuta na geti na bustani ya majani yaliyokatwa sawasawa. "Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Mama Mkubwa," akatupokea mizigo, akacheka kuona mapazia. Baba Neema akatoa waya wake, alioutengeneza mwenyewe na kuuzungusha kwenye gurudumu la mbao. Akavuta urefu wa kufika tu, akaupitisha dirisha la jikoni, akachomeka. Mashine ikaendelea kuimba. Mvua ikanyesha, ile nyembamba isiyo na sauti. Nikajilaza kidogo.

Nilimwota mama. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha pili, amevaa kitenge chake cha kijani, anashona kitu bila sindano. Nikamwambia, nisamehe, nilipitiwa. Akanusa hewa, akasema, "Kuna kitu kinaungua." Nikaamka, na kweli kulikuwa na harufu ya plastiki ya moto. Kabla sijashuka, nikasikia sinia likianguka nje.

Upendo alikuwa amekuja na chai, peku, juu ya majani yaliyolowa. Alikuwa ameshika mpini wa mlango. Sasa alikuwa amekaa chini kwenye maji, ameushika mkono wake kwa mkono mwingine, vikombe vimesambaa.

"Mama Mkubwa," akasema, "gari lenu limenishika."

Baba Neema akaja mbio na kandambili zake za raba. Akagusa mlango. "Mbona mimi sisikii kitu?" Akagusa tena, kwa kiganja kizima. "Upendo, pengine umeteleza tu."

"Baba Mkubwa, vua viatu."

Nawaambia ukweli wote kwa sababu mmeuliza. Alivua. Akasimama kwenye majani, akanyoosha kidole kimoja, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kwa miaka thelathini na moja ya ndoa. Kwa hiyo ndiyo, alipigwa shoti, kwa hiari yake mwenyewe.

Sikucheka siku ile. Nilikimbilia jikoni nikachomoa. Lile gurudumu la mbao lilikuwa la moto kama pasi. Mkono wa Upendo ulitetemeka mpaka jioni, na mimi nilikaa naye nikiukanda, nikifikiria kwamba binti wa watu angeweza kufa kwa ajili ya mayai yangu. Aliposema, "Mama Mkubwa, samahani, lakini waya ule haurudi kwenye soketi yangu," nilimwambia hana haja ya kuomba samahani.

Na Baba Neema nilimwambia maneno. Nilimwambia anajenga kama anayejenga peke yake duniani. Akanijibu kwamba angalau yeye hakusahau chanjo. Betri ilibeba mashine mpaka asubuhi, na sisi tulilala kila mtu ameangalia ukuta wake.

Lemara

Upendo alitupigia simu kwa fundi umeme anayemwamini, na asubuhi tukajikokota mpaka kwake Lemara, si mbali. Fundi Zuhura ni mama wa makamo, ovaroli ya bluu, kalamu nywelani. Alizunguka gari mara moja, akapiga magoti, akaingia chini ya kitanda changu na tochi, miguu tu ikabaki nje.

"Baba," akaita kutoka humo, "huu waya wa friji nani aliupitisha juu ya ukingo wa bati?"

Baba Neema akakohoa.

Alitoka na kipande cha waya kilicholika mpaka shaba inaonekana. Barabara ilikuwa imeusugua kwenye bati kilomita zote zile. Akatuonyesha plagi yetu. Waya zilikuwa mbili tu. Ule wa tatu, wa kwenda ardhini, haukuwepo.

"Nyumba imekaa juu ya udongo," akasema. "Gari limevaa raba miguuni. Umeme ukivuja kwenye bodi hauna pa kwenda, unakaa pale unamsubiri mtu. Huyo binti ndiye aliyefika kwanza."

Baba Neema alikaa kwenye ngazi ya gari. Nilimwona akiangalia mikono yake. Kisha akamwomba Fundi amfundishe kila hatua, tangu mwanzo, kama mwanafunzi. Akafundishwa. Waya mnene wenye nyaya tatu. Kuuvuta wote kutoka kwenye gurudumu, hata kama soketi iko hatua mbili, kwa maana ukiuacha umeviringishwa unajipasha moto wenyewe. Birika na pasi visiwashwe pamoja kwenye soketi moja ya mtu. Kifaa kidogo cha kukata umeme mara tu unapovuja. Na chuma cha kupigilia ardhini, kwa nyumba ambazo nazo hazina waya wa tatu.

Jioni ile alimpigia Upendo simu, mwenyewe, akaomba msamaha. Nilikuwa nakata vitunguu nyuma ya pazia. Sikugeuka, lakini nilisikia.

Fundi wa magari wa jirani alichukua dinamo kwenda kuitengeneza, nasi tukabaki kwenye uwanja wa Fundi Zuhura, tumechomekwa salama. Siku ya kumi na tisa saa nne asubuhi, umeme ukakatika Lemara nzima.

Injini isiyo na dinamo haichaji chochote, na betri ilikuwa bado hoi kutokana na usiku wa Njiro. Ikabeba mpaka saa saba. Kisha ule wimbo wa mashine ukashuka, ukashuka, ukakoma.

Fundi Zuhura alikuja na blanketi mbili. "Usifungue kifuniko," akasema, ingawa kuku si kazi yake. "Joto lililomo ndilo lenu." Tukaifunika kama mtoto. Akawasha mkaa, tukachemsha maji, tukayajaza kwenye chupa za plastiki, tukazipanga kuizunguka mashine chini ya blanketi, na kila zilipopoa tulibadilisha. Yeye anachemsha, Baba Neema anabeba, mimi napanga. Mvua nyembamba ikaja tena. Mvuke wa maji ya moto ulijaa ndani ya gari mpaka madirisha yakawa meupe, na dunia yote ikaishia pale kwenye mapazia. Sijui tulikuwa tukifanya hivyo kwa muda gani. Nilianza kuhisi kwamba nimekuwa nikipanga chupa za moto tangu nizaliwe.

Wakati fulani nililaza sikio juu ya kifuniko ili nipumzike kidogo. Nikasikia mlio, mwembamba kuliko uzi. Kisha mwingine ukaujibu.

"Baba Neema."

Akaweka chupa chini, akalaza sikio lake upande wa pili, nyuso zetu zikitazamana. Walikuwa wakiongea humo ndani, kwenye giza, kila mmoja kwenye chumba chake kilichofungwa.

"Lile neno la chanjo," akanong'ona, "sikupaswa kulisema."

"Lilikuwa kweli."

"Hata hivyo."

Umeme ulirudi jua likielekea kuzama. Mashine ikashtuka, ikaanza tena kuimba, na Fundi Zuhura akapiga kofi moja kubwa kama mtu aliyefunga goli.

Ngaramtoni

Dinamo ilirudishwa siku ya ishirini, tukaondoka. Ngaramtoni tulikuta gulio limejaa, na ng'ombe waliokuwa wakirudi kutoka mnadani wakaifunga barabara. Tukasimama katikati ya pembe na kelele za kengele na vumbi la dhahabu. Injini iliachwa ikiwaka kwa ajili ya mashine. Baba Neema akashuka kunyoosha miguu, nami nikasogeza pazia kununua maziwa mgando kwa mama mmoja.

Nilipoinua macho, kulikuwa na foleni. Watu saba au wanane wamejipanga mlangoni kwa utaratibu, na mbele yao mzee wa Kiarusha, shuka jekundu, fimbo, kofia ya sufi.

"Shikamoo mzee," nikamsalimu.

"Marahaba, daktari. Ni hili la kushoto." Akaivuta kope yake chini kwa kidole.

"Mzee, mimi si daktari. Humu kuna mayai."

Akafikiri. "Nipake hata hayo," akasema.

Nilimweleza tena, polepole. Akachungulia ndani, akaiona mashine, akasikiliza ile milio, na uso wake ukabadilika taratibu. Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kimaa maneno machache, na foleni yote, badala ya kutawanyika, ikapita mmojammoja kuchungulia na kusikiliza. Hakuna aliyecheka. Mwanamke wa mwisho aliweka mkono kifuani pake, akatikisa kichwa, akaondoka na kapu lake la nyanya. Nilipochungulia kwenye kioo cha mashine baada yake, yai moja lilikuwa na ufa kama nyota.

Mlimani

Njia ya kupanda ilikuwa tope na ukungu. Migomba ilijitokeza kando ya barabara mmojammoja na kupotea tena. Tulifika kwa Mama Mdogo kukiwa bado na mwanga, ila mwanga wenyewe haukuwa na mahali ulikotoka, ulikuwa umesambaa tu kila mahali kama maziwa.

"Takwenya," akanisalimu mlangoni.

"Iko," nikaitika, Kimaa changu chote kikaishia hapo. Amekuwa mdogo, Mama Mdogo, na ana taya la mama. Nilimshika mikono nisiweze kuiachia.

Nyumba yake ina taa mbili na soketi moja, nayo iko nyuma ya kitanda chake. Nikamweleza tunachohitaji.

"Mayai yanakula umeme?" akauliza. "Mama yako alikuwa na kuku anayelalia mayai."

"Kuku wamekufa, Mama Mdogo. Mimi ndiye niliyewaacha wafe."

Alisogeza mto wake, akaonyesha soketi kwa kidevu.

Mngemwona Baba Neema. Alivuta waya wote, mita kwa mita, akaulaza kwenye majani bila mkunjo. Akapigilia kile chuma ardhini, akakimwagia maji, akafunga waya wa tatu. Akabonyeza kile kifaa cha kukata umeme, kikakata, akakirudisha. Kisha akavua viatu, akasimama peku kwenye majani yaliyolowa, akaweka kiganja chote kwenye bodi ya gari. Akakiacha hapo. Akanitazama, akatabasamu.

Walianza kutoka kabla ya chakula na wakaendelea mpaka kesho yake mchana. Mama Mdogo alileta kigoda chake ndani ya gari, akakaa mbele ya kioo na bakuli la loshoro mapajani, mahindi na maziwa yaliyoganda vikipoa bila kuliwa. Yai lilikuwa likitikisika, likitulia kwa muda mrefu hata ukaliombolezea, kisha likitikisika tena. Kati ya ishirini na sita walitoka kumi na watano. Wawili walikufa kwenye ganda wakiwa wameshalipasua. Tisa hawakupasua kabisa. Niliwalilia wale wawili, na nadhani nilikuwa nawalilia pia wale wa banda la Singida, kwa maana nilichelewa kunyamaza.

Walipokauka, Mama Mdogo aliingiza mkono, akamtoa mmoja, akamgeuzageuza kwenye mwanga. Shingo tupu, nyekundu, kama kidole.

"Huyu ana nini shingoni?"

"Ni kishingo, Mama Mdogo. Ndiyo mbegu yenu. Wale kuku wawili aliokuja nao mama kwenye tenga."

Akanitazama. Akamtazama kifaranga. "Wale nilimfungia mimi mwenyewe," akasema. "Walikuwa weusi, wana manyoya mpaka miguuni. Hapa kwetu hatujawahi kuwa na kuku wa namna hii. Ona baridi hii. Nani angefuga kuku asiye na skafu?"

Baba Neema akauliza taratibu, "Kwa hiyo mama aliwapata wapi?"

"Huko kwenu. Wale wa kwake pengine waliliwa njiani, najuaje." Akaanza kucheka, bila meno, mabega yakipanda na kushuka. "Mwanangu, umeniletea Wanyaturu."

Nilifikiri nitaumia. Nilikuwa nimesafiri mpaka pale nikiamini nabeba kitu kilichotoka kwenye udongo ule, na kumbe mama alikishika hukuhuku kwetu Singida, kwa majirani zetu Wanyaturu, akakipenda mpaka kikawa chake. Nilingoja maumivu yaje. Badala yake nikaona nacheka mimi pia, machozi yakiwa bado hayajakauka, na Mama Mdogo akanivuta kichwa akakilaza mapajani pake, kando ya loshoro.

"Watakaa hapa?" nikamuuliza kutoka humo. "Na baridi hii?"

"Wewe hukuzaliwa na mtu wa mlimani ukakaa jua la Singida? Watakaa."

Gari lilibaki limechomekwa kwake siku mbili zaidi, taa moja ikiwapasha joto. Siku ya pili giza lilipoanza kuingia, Mama Mdogo aliwasogeza mmojammoja chini ya kuku wake mwekundu aliyekuwa akiatamia. Kuku akainua bawa, akaangalia shingo zile, akalishusha bawa juu yao. Asubuhi tulihesabu kumi na watano. Tukachomoa waya, tukaukunja, tukashuka na ukungu.

Juzi Mama Mdogo amepiga simu. Wamebaki kumi na watatu, mwewe amechukua wawili, na chanjo wameshapata zote. Nilimuuliza hilo kabla ya salamu. Anasema majirani wanakuja kuwaangalia, wanauliza Wanyaturu watagawiwa lini. Na jogoo mmoja, mkubwa kuliko wenzake, wamempa jina la Baba Neema.

Baba Neema alininyang'anya simu. "Anawika?"

"Bado," akasema Mama Mdogo. "Lakini kila asubuhi anapanda juu ya ukuta, anajaribu."